Kola ya Shati la Furaha

Mama Furaha,

Leo sikuletei salamu, nakuletea malalamiko. Salamu utazipata mwishoni, kama hasira itakuwa imepungua.

Miaka miwili mtoto wetu amekuwa kadeti wa ziwa, na miaka hiyo yote miwili sikuwahi kujua sare yake inatayarishwa namna gani. Niliiona tu Jumamosi asubuhi imetundikwa msumarini, nyeupe, imekakamaa, marinda manne ya sketi yamenyooka. Nilidhani ndivyo nguo nyeupe zilivyo. Kila nilipoisogelea ulipiga kelele kutoka jikoni: "Baba Furaha, mikono!" Nami nikaificha mikono yangu ya oili nyuma ya mgongo, nikarudi kwenye pikipiki za watu. Sasa niambie, mwanamke mwenye akili kama wewe, ulishindwa nini kuniita hata siku moja ukasema: kaa hapa, tazama? Ulidhani utaishi milele? Mimi pia nilidhani hivyo, basi tuseme kosa ni la wote wawili.

Ni miezi mitano tangu tukuzike. Komanda wa kikosi chao hajabadilika. Bado ni yule mzee wa meli, bado anawapanga watoto pale ufukweni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, anapita mmoja mmoja akiangalia kucha, kola, marinda, viatu. Mwenye kasoro anarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Akirudishwa mara tatu mfululizo anavua skafu ya buluu, anaikabidhi, na jina lake linafutwa. Hayo uliyajua. Usilolijua ni kwamba Furaha alikuwa amekwisha kurudishwa mara mbili, na mara zote mbili ni mimi.

Mara ya kwanza alitoka nyumbani safi kabisa. Mlangoni nikamshika bega nimtie moyo. Vidole vyangu vitano vikabaki begani, vyeusi, hata Komanda angeweza kunitafuta kwa alama zile kama mwizi. Mara ya pili nilikuwa nimesikia kwamba weupe wa nguo unatokana na ile buluu ya kufulia, nikamimina pakiti nzima, shati likatoka rangi ya ziwa. Komanda akamwuliza mtoto kama amehamia kikosi kingine. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka wala hakulia, alirudi nyumbani, akavua viatu vyake vyeupe, akaanza kuvipaka chaki iliyolowekwa kama ulivyomfundisha.

Hicho ndicho kilichonitisha. Tangu siku ya mazishi mtoto huyu hajalia. Hagombani nami, haombi kitu, anasema tu "ndiyo, baba". Kitu pekee kinachomfanya atembee haraka ni ile Jumamosi na ile mitumbwi ya kikosi. Akitoka kupiga kasia anarudi na njaa, na akiwa na njaa anazungumza kidogo.

Habari zikafika kwenu Runingu. Dada yako Esperansi akanipigia simu, hata pole hakunipa: "Shemeji, mwanaume peke yake hawezi kulea binti. Bakimurudisha tena, miye nakuja kumuchukua." Nikajibu kwamba kilio bado hakijaondolewa, muda wa kuomboleza haujaisha, tungoje siku hiyo ndugu wote wakae waamue. Akasema kilio kiondolewe, kisiondolewe, yeye anakuja. Unamjua Esperansi. Akisema anakuja, pikipiki imekwisha kuwashwa. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshindwa na shati.

Sasa sikiliza ya wiki hii, na kama huko mliko watu wanacheka, cheka taratibu.

Alhamisi nilifunga gereji mapema. Nilinawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, kisha kwa mchanga, kisha kwa sabuni tena. Nililifua shati peke yake. Likawa jeupe, naapa. Lakini lilikuwa limelegea, halikusimama kama lako. Kuuliza si ujinga, nikamwuliza jirani yetu Mama Zawadi wewe ulikuwa unatia nini. Akasema: "Uji ya muhogo." Nikashukuru nikaondoka. Niliuliza nusu, Mama Furaha. Hakuna aliyeniambia uji uwe mwepesi kama maji, wala kwamba unachujwa kwa kitambaa. Mimi nilipika uji wa kushibisha watu. Nikaizamisha kola humo, maana kola ndiyo Komanda anayoiangalia sana, nikaikanda mpaka ikanona, nikaianika uani, nikaenda zangu kujisifu kwa Furaha.

Mbuzi wa Mama Zawadi alikula kola yote. Mikono ya shati hakuigusa, mfuko haukuguswa, nembo ya kikosi iko salama. Alikula palipopikwa. Nilipomkuta alikuwa anatafuna kwa utulivu, na kipande cha mwisho kinaning'inia mdomoni. Nilimfukuza mpaka barabarani nikiwa na spana mkononi, watu wa pikipiki wakaanza kunishangilia. Nilirudi nikihema, na Furaha amesimama mlangoni ameshika shati lisilo na kola. Akasema: "Basi, baba. Nitaenda Runingu."

Alisema kama mtu anayesema anakwenda bombani kuchota maji. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Fundi wa kikosi, yule anayeshona mashati yote kwa kitambaa kimoja, amevuka mpaka kwenda arusini Bujumbura. Nilizunguka sokoni siku ya Ijumaa tangu asubuhi, kila cheupe walichonionyesha kilikuwa kinang'aa au kimefifia, na Komanda anaona tofauti kutoka mbali. Nilipokuwa narudi nikakumbuka. Shati la Furaha lilipokatwa, kilibaki kipande, na wewe hukubali kitu kibaki. Ulijishonea blauzi ya kwaya, na kola yake kubwa. Kitambaa kilekile.

Nayo iko ndani ya sanduku lako, chini ya kitanda, imefungwa.

Unajua desturi. Nguo za marehemu haziguswi mpaka kilio kiondolewe, na siku hiyo ni ndugu zake wa kike wanaofungua na kugawa. Mume hagusi. Mume akifungua kabla ya siku, watu hawasemi kwamba alikuwa anatafuta kola. Wanasema anamfagia mkewe atoke nyumbani ili mwingine aingie. Esperansi alifunga kufuli kwa mkono wake siku ile ya mazishi na ufunguo akaondoka nao.

Nilipiga magoti nikalivuta sanduku. Kufuli lenyewe ni la kichina, dogo, bisibisi yangu ingelimaliza kabla hujasema Amina, nalo lingefungika tena bila mtu kujua. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Mama Furaha, nilikuwa nimekwisha kuitoa. Kisha nikamwona Furaha ananitazama, haniambii ndiyo, haniambii hapana, ananitazama tu aone baba yake ni mtu wa namna gani. Nikairudisha mfukoni, nikachukua simu nikampigia dada yako. Nilimweleza yote, uji, mbuzi, yote. Nilijua ninamkabidhi sababu ya kumchukua mtoto, na nilisema hivyohivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Nakuja."

Alifika kabla jua halijashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kitenge. Hakukaa, maji hakunywa. "Weye shemeji, nguo ya mutoto unaitilia bugali? Ulitaka aivae ao aikule?" Nilimwacha amalize, na ilichukua muda. Alisema juu ya mikono yangu, juu ya ukoo wetu, juu ya siku nilipokuja kukuposa na soksi mbili zisizofanana. Kisha akapiga magoti akafungua.

Harufu yako ilitoka, ile sabuni yako na yale mafuta ya nywele. Blauzi ilikuwa juu kabisa. Furaha aliichukua, akaiweka usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alilia, mke wangu. Alilia kwa sauti kubwa, miezi mitano yote ilitoka, na dada yako akakaa sakafuni akampakata kama mtoto mchanga, binti wa miaka kumi na tatu mwenye miguu mirefu hivyo. Mimi nilisimama nikiwa sijui niiweke wapi mikono yangu.

Walipomaliza, Esperansi akanipa mkasi. "Mukono yangu haiwezi kukata nguo ya dada yangu. Kata weye." Nilikata. Usiulize nilijisikiaje. Nilitoa kola, nikaipunguza vidole vitatu, nikaishona kwa mkono. Unajua ninashona viti vya pikipiki, basi nilishona kama ninavyojua, uzi mara mbili, mishono mikubwa, na nikaukaza kila mshono kwa meno. Dada yako alikuwa amekaa pembeni akitoa sauti kila sindano ilipoingia. Furaha alipiga pasi mwenyewe. Kumbe anajua. Alikuwa amejua siku zote, alikuona ukifanya, ila hakuweza kuigusa ile pasi yako. Ningejua, mbuzi angelala njaa.

Jana ufukweni nilisimama na wazazi wengine, mikono nyuma. Esperansi alikuwa kando yangu, na kwapani ameshika mfuko mkubwa mtupu, ule wa plastiki wa mistari. Sikuuliza ni wa nini. Kuna mifuko isiyohitaji maelezo.

Komanda alifika kwa Furaha. Kucha, ndiyo. Marinda, akayahesabu. Kisha akaishika kola, akaigeuza ndani nje, akainama. Nilitamani ziwa linimeze. Alisema kwa sauti ile yake ya kushindana na mawimbi: "Hii mushono, iko ya kiti ya pikipiki!" Mstari mzima ulicheka. "Nani alishona?"

Furaha akainua kidevu. "Baba yangu, Komanda. Kitambaa iko ya mama."

Kicheko kilikatika. Mzee alibaki ameishika kola ile, kisha akaigeuza polepole irudi mahali pake, akailaza kwa kiganja. Akasema haiko nzuri, lakini hata dhoruba haitaing'oa. Kisha akaona vumbi kwenye kiatu cha kushoto, akamtuma akimbie mpaka kwenye mitumbwi na kurudi, maana Komanda ni Komanda. Lakini alimwambia arudi mstarini. Mstarini, unanisikia? Hakumwambia nyumbani.

Nilimgeukia dada yako. Alikuwa anajifuta uso na ncha ya kitenge akilaumu jua. Hakusema kitu juu yangu, na kwa Esperansi hiyo ni sifa kubwa. Alishuka mpaka kwa wanawake wa ndagala, akajaza mfuko ule mpaka mdomoni, akapanda pikipiki akaenda zake Runingu na samaki.

Furaha yuko nje sasa hivi ninapokuandikia. Anagombana nami kupitia dirishani, anasema nimemwaga maji ya chaki na sikuuliza. Ana sauti yako kabisa akikasirika. Inaniudhi, na sitaki aache.

Basi, salamu zako hizi hapa. Mtoto amekusalimu. Nami ninakusalimu, na hasira imepungua, haijaisha. Pumzika, Mama Furaha, kazi ya shati niachie. Siku ya kuondoa kilio dada zako watafungua sanduku mbele ya ukoo wote, na ile blauzi itatoka haina kola, na watu watanigeukia. Nakuahidi sitamwacha Esperansi anisemee. Nitasimama, mikono mbele, nitasema ni mimi niliyeikata, na atakayetaka kuiona iliko aje ufukweni Jumamosi amtazame binti yako.

Baba Furaha