Kigoda cha Mzee Magesa

Raya, sikugundua kwamba kile kigoda hakikuwa cha maonyesho.

Leo nilijitolea kuwaongoza wageni kwenye njia ya kihistoria huku Butiama. Tulipofika kwa marehemu mzee Magesa, nilikikalia ili nifunge kamba za viatu.

Nilikikalia, Raya! Mbele ya wageni.

Kumbe anayekikalia ndiye mrithi wa boma. Fredi, mwana wa mzee, ndiye aliyepaswa kukikalia Jumamosi, baada ya matanga.

"Tumuulize baba mpya kama wageni wataendelea kupita hapa," Fredi akasema. Hakucheka.

Mjane, mama Nyamburi, akanitazama kwa upole. "Mwenye kigoda ndiye alikuwaga ananywesha ng'ombe. Haya, baba."

Niliwanywesha. Wote.

Wageni wameruhusiwa kuendelea kupita. Kuanzia kituo kilichofuata, nilieleza historia nikiwa nimesimama.