Mfuko wa Tatu wa Hema

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ukiacha goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua kushinda redio.

Nimeanza kushona hema letu. Turubai ni la kijani, masalio ya kazi ya kufunika lori la mteja. Mwanzoni mwa Aprili tutalala pale mto unapoingia baharini, juu kwenye mchanga mkavu, maji yakijaa yasitufuate kitandani. Mama yako aliililia safari hii kila mwaka, nami nikimwambia asubiri kazi zipungue. Kazi hazikupungua, akapungua yeye. Basi wewe usinitajie kazi.

Baba yako


Tarehe 27 Februari

Baba, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, nimechoka tu. Hapa hotelini nafua mashuka ya watu waliokuja kupumzika. Bahari iko nyuma ya ukuta wa chumba cha kufulia, naisikia, lakini tangu nianze kazi, miezi mitano sasa, sijaikanyaga.

Msimamizi amenipa siku nne kuanzia tarehe 3 Aprili. Nitaleta sufuria na kamba. Wewe beba dawa ya mbu na maji ya kunywa, ya pale yana chumvi.

Binti yako


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi sijambo, ila nimefanya ujinga.

Hema limekwisha. Kando ya mlango nimeshona mifuko ya tochi, kama ninavyowashonea wateja, mmoja kwa kila mlalaji. Nilipokata uzi nikatazama, iko mitatu. Hata sakafu nimeikata ya watu watatu. Mkono haujapata habari za msiba.

Nilishika wembe nifumue, nikashindwa. Fundi mwenzangu akanishauri huo wa tatu uwe wa viberiti. Nikalikunja hema hivyohivyo. Na miwani ya mama yako, iliyopotea tangu mazishi, bado sijaiona, nimepekua hadi magunia ya vitambaa.

Baba yako


Tarehe 1 Aprili

Baba, shikamoo.

Sijui hata nianzeje kukujulia hali. Likizo imefutwa. Wageni wamejaa, wenzangu wawili wanaumwa. Msimamizi anasema Juni, nami nikasema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa, mdomo umezoea. Nisamehe.

Binti yako


Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Mimi nipo. Nilikawia kujibu kwa sababu nilikasirika, na hasira ya mzee haina haraka.

Juni mto huwa bado umefurika kwa mvua za masika, hakuna wa kulala pale. Nikaona hema litaota ukungu likikaa limekunjwa, nikalisimamisha sebuleni, kamba moja kwenye mguu wa kabati, nyingine kwenye nondo ya dirisha. Niliingia mchana kulijaribu tu. Nikapitiwa na usingizi hadi jirani akagonga mlango akidhani nimekufa. Tangu tumzike mama yako sijalala vile.

Lakini sebule si mto. Kuna mwalimu anatafuta hema la wanafunzi wake, nimemwambia aje alichukue mwisho wa mwezi. Usijilaumu. Nimechoka kusubiri, basi.

Baba yako


Tarehe 15 Mei

Baba, shikamoo.

Livumilie goti, nakuja kulikanda mwenyewe. Usimpe mwalimu hema. Niliomba siku mbili, msimamizi akakataa, nikamwambia Alhamisi ijayo naondoka hata hivyo. Mara hii sikusema sawa. Siku mbili hazitoshi kufika mtoni na kurudi, ila sebuleni zinanifikisha. Liache hapohapo lilipo. Sufuria naleta, dawa ya mbu tuiache.

Kuna jambo jingine. Miwani ya mama ninayo mimi. Niliichukua siku ya mazishi, nikaificha kwenye begi kama mwizi, kwa sababu kioo cha kulia kilikuwa na alama ya kidole chake. Mimi ninayefua madoa ya watu kutwa nzima, hilo sijaligusa. Uliponiandikia kwamba unapekua magunia nilijua, nikanyamaza. Niliona haya, Baba.

Huo mfuko wa tatu usiufumue. Upime tu, na kama ni mwembamba uupanue kidogo. Miwani naileta, imo ndani ya kasha lake.

Binti yako