Mikono ya Bingwa

Shoga uko wapi? Acha unachofanya usome hii.

Unamkumbuka yule daktari bingwa wetu wa ICU? Aliyetuhutubia wiki nzima eti sisi ni timu moja, na yeyote akiona mtu hajanawa mikono amzuie, hata awe nani. HATA AWE NANI. Maneno yake mwenyewe!

Leo kaingia anaongea na simu. Kaikata, kaitia mfukoni, kanyoosha mkono moja kwa moja kwenye mpira wa dripu wa yule mama wa kitanda cha tatu. Mpira unaoingia shingoni! Hajanawa!

Sisi manesi wanne tumeganda kama sanamu. Aliyefungua mdomo ni mama wa usafi. "Daktari, mikono."

Unajua kamjibu nini? "Wewe nenda kadeki."

Nenda kadeki!! Timu moja, eti. Mtu mzima ovyo.

Mama wa watu hakubishana. Kasimama kati yake na kitanda. "Mikono, daktari." Bwana mkubwa akanywea, akaenda kwenye sinki.

Halafu kwa kujikosha akadai fomu ya kunawa mikono, ile ya kutiki kila mtu anaponawa na shahidi kusaini, eti tuone nani humu hanawi. Kwenye jina lake kuna tiki mpaka za saa kumi jioni. Na hapo ndiyo kwanza saa nne asubuhi!

Mama wa usafi kaichungulia, kanigeukia mimi taratibu. "Hapa kwa shahidi, hii si saini yako?"

Ni yangu, shoga. Huwa namjazia kila asubuhi nikifika, kabla hata mimi sijanawa.