Alhamisi kwa Narsisa

Alhamisi, 11 Aprili 2002

Tumekula kwa Narsisa tena. Kila Alhamisi tunakula kwa Narsisa, wala sichoki. Ni mahali pekee nje ya nyumba ambapo siogopi kutazamwa. Meza sita tu, nyuma ya dobi, mtaa wa pili kutoka kwetu hapa Al Khuwair. Kibao cha nje kina jina la mkahawa kwa Kiarabu na Kihispania, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la Baba: Marhoon. Baba ndiye kafili wake. Mgeni hafungui duka hapa bila Mwomani wa kumdhamini, na Narsisa katoka mbali kuliko wageni wote ninaowajua — Ekwado! Nimeitafuta kwenye atlasi ya skuli. Alikuja kupika katika hoteli kule Bustan, akasilimu, akabaki.

Samaki wa nazi. Ndizi mbichi zilizopondwa zikafanywa madonge. Supu ya jodari na muhogo, na vitunguu vya ndimu juu. Na juu ya vitunguu, bisi! Wael kasema kama bisi zinaingia kwenye supu, basi yeye kesho atatia chipsi kwenye chai. (Kaka yangu ana miaka ishirini na mbili na bado hajakua.) Mama kacheka mpaka akafuta macho.

"Hii Unguja nyingine, bwana," Baba kasema, na Unguja ndiko alikozaliwa. "Wenyewe tu wanasema Kihispania."

Bakuli la Baba lilikuja la mwisho. Halina chumvi. Hakuna aliyemwambia Narsisa kitu, na daktari kamkataza Baba chumvi Jumatatu hii tu. Mama kaonja kijiko kimoja, akalirudisha bakuli polepole mbele ya Baba.

"Vizuri," kasema. "Yupo anayekutunza."

Baba kainama, akala.

Nimeandika haya kwa Kiswahili kama kawaida. Skuli tunaandika Kiarabu tu, na Kiswahili cha herufi hizi za Kizungu kanifundisha Baba mwenyewe, jioni, kwa penseli. Mama anasoma msahafu lakini hizi hazisomi. Kwa hiyo daftari hili hata nikilisahau mezani ni salama.


Jumamosi, 20 Aprili 2002

Baba amekufa. Jumatatu, saa nne asubuhi, mtaa wa Ghala, kwenye duka lake la vipuri. Alikuwa anamtafutia mtu taa ya mbele ya gari. Aliipata. Wanasema alikuwa ameishika.

Walimzika kabla ya magharibi. Mimi sikwenda, wanawake hatuendi. Nilikaa na viatu vyake.

Mama ameingia eda. Shangazi Kheiria, dada yake Baba, ndiye aliyemvua bangili. Moja ilikataa. Ikabidi sabuni, kisha mafuta. Mkono wa Mama chini ya bangili ni mweupe, kama wa mtu mwingine.

"Miezi minne na siku kumi, wifi yangu," Shangazi kamwambia. "Usihesabu wewe. N'takuhesabia mimi."

Akahesabu kwa miezi ya Kiislamu, akachukua kalamu nyekundu akatia duara kwenye kalenda ya jikoni. Alhamisi, 22 Agosti.


Ijumaa, 3 Mei 2002

Mama hali. Vijiko vitatu vya wali, nimevihesabu. Nguo nyeupe ya eda inazidi kuwa kubwa. Hatoki, haonani na wanaume wasio maharimu wake, hatii manukato, hata sabuni yenye harufu hagusi. Anaoga kwa majani ya mkunazi. Kuyachuma ni kazi yangu, mti uko uani. Nayakausha juu ya gazeti, nayatwanga. Shangazi anakuja kila Jumanne, na yeye huondoka na fungu moja, amelifunga kwa kitambaa cha kanga yake kuukuu ya manjano. Ana jirani mgonjwa, anasema.

Leo nimesema nitampelekea Mama supu ya Narsisa. Ile ataila tu! Shangazi kanikata: kule kumefungwa, kafili kafa, mtu atafungua kwa jina la nani?

Mama alikuwa ameegemea ukuta, macho kayafumba.

"Mwacheni mtu apumzike," kasema.

Sikujua anajisemea yeye au nani.


Alhamisi, 13 Juni 2002

Mtihani wa mwisho ulikuwa jana. Nimefanya vibaya fizikia. Haidhuru.

Leo nimetumwa dukani, nimerudi kwa miguu, kupitia nyuma ya dobi. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa ni Alhamisi. Viti vimepinduliwa juu ya meza. Mlangoni pana karatasi imebandikwa kwa ndani, Kiarabu juu, Kihispania chini. Imeandikwa kwamba mkahawa umefungwa na utafunguliwa Alhamisi, 22 Agosti.

Nimeisoma mara tatu. Jua lilikuwa kali mpaka herufi zinacheza.

Nimefika nyumbani nimekwenda moja kwa moja jikoni kuitazama kalenda.


Ijumaa, 14 Juni 2002

Sijalala vizuri. Nimejaribu kufikiri kama mtu mwenye akili.

Huenda ni karatasi za serikali. Huenda kapata kafili mpya na kibali kinaanza siku hiyo. Lakini Alhamisi ofisi zimefungwa! Hakuna kibali kinachoanza Alhamisi.

Na nani anafunga duka tangu wiki aliyokufa Baba mpaka siku ileile atakayotoka Mama? Ni nani anayekaa ndani miezi minne na siku kumi?

Chumvi. Baba alitoka kwa daktari Jumatatu. Alhamisi Narsisa anajua.

Nilikwenda chooni nikatapika. Mama kaniuliza kulikoni. Nimesema ni mtihani. Kanishika paji la uso kwa ule mkono mweupe. Najua mimi tu, katika nyumba nzima, na siwezi kumtazama.


Alhamisi, 4 Julai 2002

Nimekwenda. Naandika upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Nimemwambia Wael nilisahau kitabu kwa Narsisa. Kanipeleka huku akilalamika joto. Kwenye gari kasema, "Wewe na vitabu vyako, Rawya, siku moja utasahau kichwa." Nimegonga mlango wa pembeni, ule wa jikoni. Narsisa kauliza kwa Kiarabu chake cha hotelini, bila kufungua: kuna mwanamume? Nimesema kaka yangu, yuko ndani ya gari, mbali. Hapo ndipo komeo likatoka.

Kavaa nyeupe tupu. Nguo isiyo na hata ua moja. Hana herini, hana wanja, hana pete. Sikuwahi kuona uso wake bila wanja. Ni mtu mzima kuliko nilivyodhani. Aliponitambua kajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Juu ya rafu, karibu na sufuria, fungu la majani ya mkunazi. Limefungwa kwa kitambaa cha kanga ya manjano.

Majani niliyochuma mimi.

"Pole," kaniambia. Kwa Kiswahili. Kalivuta neno mwanzoni vilevile alivyokuwa akilivuta Baba, na hapo nikajua hakuna haja ya kuuliza.

Sikuuliza. Nilikuwa nimeandaa maswali sita, yamo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Kageuka, kajaza supu kwenye kopo, katia bisi kwenye mfuko mbali ili zisilowe. Kasema, "Kwa Mama." Nikapokea! Nikasema asante! Ndivyo nilivyolelewa.

Nyuma ya dobi nimeimwaga. Yote. Jodari, muhogo, vitunguu. Paka wawili wakaja. Wael kaniuliza kitabu kiko wapi. Nimesema hakikuwepo.

Usiku Mama kala kipande cha mkate, nusu.


Jumatano, 7 Agosti 2002

Ameanza kushika kuta akitembea. Wael anataka kumpeleka hospitali. Mama kasema hospitali ipo tarehe 22 pia.

Jana Shangazi kaja kuchukua majani. Tulikuwa wawili jikoni. Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda ni hasira tu. Nimesema, "Jirani yako wa nyuma ya dobi hajambo?"

Kafunga mlango kwanza.

"Nani kakwambia?"

"Majani."

Kakaa juu ya gunia la mchele, na mimi nikaona kwamba anafanana na Baba, magoti yaleyale. Kasema walioana mwaka juzi, kwa shekhe, mashahidi wawili, na kimya. Kasema kaka yake alimuomba, kama likimtokea lolote, yule mgeni asikae eda peke yake kama mnyama. Kuna wa kumfundisha? Hana mama hapa, hana dada.

"Na sisi?" nimesema. "Alhamisi zote zile! Katuweka mezani, katupakulia!"

"Punguza sauti, wee! Mamako akijua hii itammaliza. Unamuona alivyo. Nna wewe tu wa kulificha hili. Funga mdomo wako, mwanangu, hata baada ya eda. Khaswa baada ya eda."

Nimefunga. Lakini usiku nimemkasirikia Baba kwa mara ya kwanza tangu afe. Nimeutoa mswaki wake kwenye gilasi nikautupa. Kisha nikautoa kwenye taka nikauosha, nikaurudisha.


Jumanne, 20 Agosti 2002

Kesho kutwa.

Shangazi kaleta kanga za kutokea eda. Mama mwenyewe ndiye aliyeagiza: doti mbili, sare, nyekundu na nyeusi. Shangazi kamuuliza mbili za nini. Mama kasema, "Wewe si umenunua? Basi." Moja ya Shangazi, nadhani. Mama kazipiga pasi mwenyewe, amekaa, kwa kuwa kusimama hawezi.

Wael naye, mjinga wa Mungu, kasema wakati wa chakula: mkahawa wa Narsisa unafunguliwa Alhamisi, kaona karatasi, si twende wote kama zamani? Shangazi kakohoa wali. Mimi nimesema harakaharaka kwamba si kweli, nimesikia pameuzwa.

Mama kanitazama kwa muda mrefu.

"Pameuzwa," kasema. "Haya."


Alhamisi, 22 Agosti 2002

Naandika ndani ya gari. Wael hanyamazi.

Asubuhi wanawake walimwogesha Mama. Udi, mafuta ya halud, kanga mpya. Bangili zimerudi mkononi bila sabuni, zinapanda mpaka kwenye kiwiko. Wageni wamekula, wamelia, wamekwenda. Shangazi alikuwa jikoni anaosha vyombo. Baada ya alasiri Mama katoka chumbani amevaa baibui, mkononi ana mfuko.

"Wael, washa gari. Alhamisi leo."

Njiani nikajaribu. Nimesema, Mama, umechoka. Mama, kuna joto. Mama, pameuzwa.

"Rawya," kasema. Hakugeuka. "Ulikwenda mwezi wa saba. Kakako kaniambia, umesahau kitabu. Wewe hujasahau kitabu maisha yako."

Wael kasema, kwani kuna nini?

"Unajua?" nimeuliza.

"Tangu mwaka juzi. Nguo zake nafua mimi, mwanangu. Babako hakujua kama najua. Akifurahi siku ya Alhamisi, basi, nikasema na afurahi. Nikawa naja naye. Nilitaka nimuone huyo mtu anavyompakulia." Tukapita dobi. "Anampakulia vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi."

Alhamisi zote zile. Na bisi, na kucheka. Sijui sasa nilikuwa nakula na nani.

Karatasi imeondolewa mlangoni. Viti vimeshushwa. Jina la Baba bado liko kwenye kibao. Mama kamwambia Wael abaki garini, nami nibaki naye. Kaenda peke yake mpaka mlango wa jikoni, ameshika ukuta. Kwenye mfuko niliona pindo jekundu. Doti ya pili.

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga.

Hiyo ilikuwa dakika arubaini zilizopita. Hakuna sauti. Watazungumza nini? Kiarabu cha Narsisa ni cha hotelini, Mama hajui Kihispania. Mara moja nimesikia mtu analia, sijui nani. Mara moja kiti kimeburutwa. Sasa inakuja harufu ya ndizi zinakaangwa. Wael kauliza, kwa mara ya nne, wanafanya nini mle. Nimemwambia. Nimemwambia yote, kwa sentensi tatu. Hajacheka. Ameshika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa.

Mlango unafunguliwa.

Ni Mama. Hana viatu. Nyuma yake Narsisa, bado ana ile nyeupe, amesimama kama mtoto anayesubiri kuvishwa. Na mfuko bado uko mkononi mwa Mama. Hajautoa. Dakika arubaini, hajautoa.

"Rawya!" ananiita. "Njoo, mwanangu. Mvishe wewe. Mimi mkono umekataa."

Narsisa ananitazama. Wael anasema usiende. Nimeshika kitasa cha mlango wa gari na kalamu naiweka chini.