Habari Tuliyokuwekea, Clement Ormerod

Mwaka ulitimia Jumanne, Baba, tangu ulipomwomba Mama afungue dirisha uisikie mvua vizuri, ukalala, usiamke tena. Mama bado anamenya viazi vya watu wawili. Akishtuka anajifanya alikusudia, anasema vingine ni vya kesho.

Tulitaka tukuandikie mapema, lakini kulikuwa na habari moja ambayo hatukujua tukueleze vipi. Tutaifikia.

Watu wengi walikujua sura, jina hawakuwa nalo. Walikukodolea macho sokoni, wakakuuliza kama hukuwahi kuwa karani wa benki kule Halifax. Ukawajibu kwa heshima kwamba uliwahi, kwa wiki mbili, mwaka 1956, kwenye sinema. Filamu ishirini na tatu ulicheza, na katika kumi na saba kati ya hizo kazi yako kubwa ilikuwa kufungua mlango. Ulikuwa mtumishi katika nyumba za wakubwa, ulikuwa kasisi, ulikuwa inspekta anayefika mambo yakiwa yamekwisha. Shangazi Edna alikodi basi zima la akina mama wa kanisani kwake Bacup, akawapeleka Burnley kukuangalia. Ulitokea, ukasema chakula kiko tayari, ukaondoka. Shangazi akasimama katikati ya watazamaji, akawatangazia kuwa huyo ni kaka yake wa tumbo moja, na wale akina mama wakapiga makofi hata kilichofuata hakikusikika. Mpaka leo Shangazi anashikilia kuwa ile filamu ilikuwa yako, na sisi hatumbishii.

Jukwaani ndiko ulikokuwa nyumbani. Miaka arobaini ulizunguka na mabegi mawili, kutoka Oldham mpaka Torquay, wiki hii ukicheza mchezo huu jioni na mchana ukijifunza wa wiki ijayo. Popote ulipofika, mtu wa kwanza kumsalimu alikuwa mlinzi wa mlango wa nyuma, tena kwa jina lake na la mkewe. Mafundi wa mavazi uliwapelekea chai mwenyewe. Chai yako ilikuwa nyeusi kama lami, na wengi wao waliimwaga kisirisiri kwenye sinki, ila hakuna aliyekuambia. Na mluzi, Baba! Hakuna aliyeruhusiwa kupiga mluzi kwenye chumba cha kuvalia, maana kwa waigizaji ni mkosi. Kule Scarborough ulimtoa nje daktari aliyeingia akipiga mluzi, naye amekuja kukutibu wewe mwenyewe, ukamfanya azunguke mara tatu na kubisha hodi ndipo umruhusu akupime homa.

Macho yalipoanza kufifia, ulituambia wawili tu, Mama na mimi Hester. Ulikuwa na miaka sitini na minne. Daktari wa Manchester alisema katikati ya macho ndiko kunakokufa, na kwamba utabaki kuona kingo za vitu. Mtu ukimtazama usoni palikuwa na moshi, ukimtazama sikio ndipo ukampata kidogo. Mwezi uleule ikaja barua kutoka Nottingham. Walikuhitaji wewe, Clement Ormerod, ucheze mzee mwenye kiwanda cha kufuma nguo, mchezo mpya, mzee ndiye mchezo wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Miaka yote arobaini ulikuwa ukiisubiri barua hiyo.

Ulituapisha. Ulisema wakijua watakupa pole na maua, na nafasi watampa mwingine, na kwamba heri uanguke mbele ya watu mia sita kuliko kuhurumiwa na mmoja. Basi Mama akakusomea maneno yote jikoni, siku kumi na moja, wewe ukimenya viazi na kurudia, mpaka na mimi niliyekuwa nikipita tu nikayajua. Tulikwenda Nottingham Jumapili moja jumba likiwa tupu, ukahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kitini, na vidato vya ile ngazi ya jukwaani, kumi na kimoja, ukavipanda na kuvishuka mpaka goti likavimba.

Siku ya kwanza ya mazoezi wachezaji walikaa mezani kusoma pamoja. Ulikuwa umeshika karatasi zako, na kila ulipowasikia wenzako wakifunua ukurasa nawe ukafunua. Jioni ulirudi umenyooka kama kijana aliyekubaliwa posa. Ulituambia hakuna aliyegundua kitu.

Mchezo ulikaa wiki tisa badala ya nne. Gazeti moja liliandika kwamba halijaona mzee akimtazama binti yake namna ile, pembeni kidogo, kama anayeona haya kumpenda. Tulilisoma tukacheka na kulia pamoja, maana sisi tulijua ulikuwa unalitafuta sikio la binti mwenyewe. Watu walisimama kila jioni. Kasisi na inspekta na wafungua milango wote wale walisahaulika, na jina lako likajulikana bila kuulizwa.

Sasa hiyo habari.

Mwezi wa tatu alikuja kutuona Imogen Sharrock, yule aliyecheza binti yako. Alileta keki, na kitabu cha mzee Tulley, msimamizi wa jukwaa, ambaye amestaafu na alitaka kitabu cha mchezo ule kikae kwetu. Nilikifungua nikimsomea Mama. Pembezoni kulikuwa na maandishi ya penseli. Kiti cha C., asikisogeze mtu hata inchi. Kamba ipigiliwe chini ya zulia, hatua mbili kabla ya ukingo. Imogen avae viatu vyenye kisigino kigumu, C. amsikie anapotoka.

Nilimuuliza walijua tangu lini.

Akasema tangu asubuhi ya kwanza, pale mezani. Mtunzi alikuwa amebadilisha kurasa mbili usiku uliotangulia, na zile mpya zikagawiwa mlipoketi. Wewe ulizishika mkononi, ukatoa maneno ya zile za zamani, yote, bila kukosea hata herufi. Meza nzima ikaelewa. Zamu ilikuwa ya Imogen, na yeye hakuwa na kurasa za zamani, lakini aliyakumbuka maneno yake akakujibu hayo hayo. Mtunzi akavuta kalamu, akazikata kurasa zake mpya, akasema amefikiri tena na zile za kwanza ndizo bora. Hakuna aliyeulizana na mwenzake. Baba, uliwaficha waigizaji kwa kuigiza. Hilo nalo ni la kumfanyia nani?

Sitakuficha, nilikasirika. Wewe uliyekataa hata kushikwa mkono kuvuka barabara, kumbe wiki tisa watu wazima walikuwa wakikutandikia njia kama mtoto anayejifunza kutembea. Niliona zile shangwe zote zimegeuka kuwa sadaka. Nilimwambia Imogen kwamba wangekuondoa ingekuwa afadhali, kuliko kukupa jukwaa kwa huruma. Akaweka kikombe chini.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti yake ile ndogo.

"Mwanangu, mimi niambie bila kunipaka mafuta. Mlikuwa mkimbeba?"

"Bi Enid, kiti tulimwekea pale pale, hilo nakiri. Kwani hakuwasimulia ile Jumatano ya taa?"

Tulichojua sisi ni kwamba Jumatano moja ulirudi kutoka onyesho la mchana ukasema taa zimekorofisha kidogo, ukauliza kama viazi vimebaki.

Imogen akatusimulia. Umeme ulikatika sehemu ya pili ikiwa katikati. Zilizobaki ni zile taa ndogo za kijani huko nyuma juu ya milango, ambazo hazimfai mtu jukwaani. Yeye alikuwa kwenye ngazi, kidato cha saba, gauni refu, mguu mmoja hewani. Kijana aliyecheza mkwe wako alikuwa amesimama mbele kabisa, na chini yake kulikuwa na shimo la wanamuziki. Imogen alimsikia akianza kuhema. Mzee Tulley alikuwa akipapasa ukuta akitafuta tochi asiipate, na watazamaji wameanza kunong'ona.

Ndipo sauti yako ikatoka kitini, ile ile ya mwenye kiwanda, haikupanda wala kushuka.

"Mafundi wamezima mashine mapema leo. Bakini mlipo, wanangu. Nyumba hii ni yangu, naijua."

Ukanyanyuka. Imogen alisikia viatu vyako vikija, vikapanda ngazi bila kusita, na mkono wako ukampata kiwiko mara ya kwanza ulipounyoosha. Ukamshusha kidato kwa kidato huku ukiendelea na maneno ya mchezo, ukamkalisha kwenye kiti chako. Kisha ukaenda mbele kumfuata yule kijana. Ukamshika bega, ukamrudisha nyuma hatua nne, ukimkaripia kama mkwe anavyokaripiwa, na watu gizani wakacheka. Dakika sita, Baba. Umeme uliporudi kila mtu alikuwa mahali pake, na nusu ya waliokuwemo waliamini ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

"Dakika zile sita nani angemsaidia?" Imogen akasema, akinitazama mimi. "Hakuna aliyekuwa anaona, Hester. Vipofu tulikuwa sisi, wote, na mwenye kuijua njia alikuwa mmoja. Alitutoa sisi. Halafu tukaendelea kumwekea kiti pale pale, kwa sababu tulimpenda."

Mama alicheka mpaka akalazimika kufuta macho kwa kitambaa cha meza. Mimi nilimwomba Imogen msamaha. Keki tuliimaliza yote.

Basi walijua, Baba. Kama nawe ulijua kwamba wanajua, na ulikuwa ukituigizia sisi wa nyumbani, hilo ni juu yako, na Mama anasema siku mkionana atakuhoji. Tulichotaka ukisikie leo ni hiki: hukuhurumiwa na mtu. Ile kazi ilikuwa yako, yote, na gizani ndiko walikohakikisha.

Unakumbukwa na mkeo Enid, binti yako Hester na mumewe Roland, mjukuu wako Tamsin anayetaka jukwaa na ambaye tumeshindwa kumkataza, dada yako Edna wa Bacup na akina mama wote wa lile basi. Pamoja nao ni Imogen, mzee Tulley, na wenzako wa Nottingham.

Hatujakusahau hata siku moja ya mwaka huu, na miaka iliyobaki tumeshakuwekea.