Isale Halikataliwi

Ijumaa, jioni. Manyunyu tangu alfajiri, matope ya Uru yamejaa kwenye raba zangu, na moyoni nina nyongo tupu. Nikisema niandike kwa upole leo nitakuwa nadanganya.

Hotelini ninakosafisha vyumba tumekusanywa mchana kwenye ukumbi wa chakula, tukapewa soda na maandazi mawili mawili, tukaambiwa ni semina ya elimu ya fedha. Mwezeshaji katoka Dar, viatu vinang'aa. Katufundisha kuandika mapato huku, matumizi kule, na kinachobaki ndiyo akiba. Sikatai, kasema mengi ya maana. Kisha akasema tuachane na mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba ya kunyonya. Eti twende benki!

Benki nilienda mwaka jana, bwana mwezeshaji. Walitaka mkataba wa kudumu, na mimi huu ni mwaka wa sita naitwa kibarua. Wakataka hati ya nyumba. Sisi tunakaa kihambani, shamba la ukoo, na baba mkwe na babu yake mume wangu wamelala humo humo chini ya migomba. Karatasi hakuna. Hata ingekuwepo, nani aweke makaburi ya wazee dhamana? Nikaishia kwa kausha damu. Wao hawataki hati, wanataka wanawake watano wadhaminiane, basi. Mmoja akishindwa, wanne wanalipa.

Baadaye akatugawia vikaratasi, kila mtu aandike kosa la fedha analolijutia kuliko yote. Mwenzangu wa jikoni kaandika runinga aliyonunua kwa mkopo, watu wakacheka. Mimi nimeshika kalamu mpaka soda ikaisha gesi. Ningeandika nini? Kwamba nilipokea jani?

Kwa wewe usiye wa huku: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaozungushia vihamba. Aliyekukosea hulifunga jani lake fundo, akakuletea mlangoni. Ukilikataa umekataa msamaha wenyewe, na wazee wanasema hiyo laana haitoki nyumbani kwako. Ukilipokea, shauri limekwisha. Hudai tena.

Wifi yangu Adelina, mdogo wake mume wangu, nilimwingiza mimi kwenye kikundi. Mkopo wake alinunulia viatu vya kuuza, akavipitisha njia za panya kule mpakani Holili, wakamkamata navyo, vikaenda vyote. Tangu hapo hajaleta rejesho hata moja. Nilimbembeleza. Kisha nikachoka, nikasema nampeleka baraza la kata na ng'ombe wake namchukua.

Maneno yakamfikia mama mkwe. Jumapili baada ya misa nawaona hao wanaingia, yeye mbele, Adelina nyuma na isale mkononi, machozi tayari. Majirani bado wamejaa njiani. Mume wangu kasimama nyuma ya mama yake, anatazama viatu vyake.

"Mama Manka," mama mkwe akasema, "isale halikataliwi."

Nikalipokea.

Niseme ukweli hapa, maana kwingine sitausema: haikuwa huruma. Nilipokea kwa sababu watu walikuwa wanaangalia, na mimi napenda kuitwa mkwe mwema. Nilisikia wanawake wakisema "Mungu akubariki" nikavimba kichwa. Ujinga mtupu.

Wenzangu watatu wa kikundi hawakuchelewa. Sisi hatukuletewa jani, wakasema, umesamehe wewe, lipa wewe. Afisa mikopo nilipomweleza alicheka kweli kweli. "Mama, sasa hilo jani nalijaza wapi kwenye fomu?" Na faini inapanda kila wiki. Dawa ya deni kulipa, hiyo sikuhitaji semina kuijua.

Jumatano nikalipa lote, la kwangu na la Adelina.

Nimelipa kwa hela ya Manka.

Manka ni mwanangu wa kwanza. Kapata nafasi chuo cha uuguzi, anatakiwa kuripoti Jumatatu na ada ya muhula mkononi. Akikosa, nafasi anapewa mwingine. Hiyo ada niliikusanya miaka miwili, noti moja moja ambazo watalii huacha kitandani, naiweka kwenye simu na siigusi, hata nilipougua. Halafu mtu anakuja kunifundisha akiba! Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Adelina kalichuma, tunaokula ni mimi na binti yangu. Yeye jana nimekutana naye bombani, kasuka nywele mpya, ananichekea, "Wifi, za kazi?" Mae! Na siwezi hata kumnunia. Aliyesamehewa hadaiwi.

Manka hajui. Tangu jana anapiga pasi sare zake, kaazima begi kwa jirani, kaandika jina lake kwenye kila daftari. Asubuhi kaniuliza kama nitamsindikiza stendi Jumatatu. Nikamwambia ndiyo. Nikaondoka haraka nikasingizia mvua.

Mwezeshaji alimaliza kwa kusema tukifika nyumbani tuketi na familia, tupange bajeti kwa uwazi. Njiani nimejaribu kupanga maneno. Nimeanza mara kumi na kila mara nafika kwenye neno "ada" nakwama.

Nilipofika kwenye uzio wetu nikasimama. Masale yamestawi kwa hizi mvua. Nikakata moja.

Liko hapa mezani kando ya simu, nimeshalifunga fundo. Manka yuko nje anamkatia ng'ombe majani, namsikia anaimba. Akiingia nitampa kabla sijasema lolote, kama nilivyopewa mimi. Ana haki ya kunipigia kelele, ana haki ya kutonisemesha mwaka mzima, na nikimtangulizia hili jani nitakuwa nimemnyang'anya na hiyo.

Najua, na bado nimelikata.

Atalipokea. Nimemlea mwenyewe.