Punje Nne Shingoni Mwangu

Nyumba ya kona,
Mkabala na kiwanda cha sabuni.
14 Machi

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. U hali gani? Na mwenzio, mgongo wake umetulia? Watoto je? Huku sisi ni wazima, na neno hilo naliandika nikijua uzito wake, maana mwezi uliopita nilikaribia kutokuwemo.

Barua yako niliipata. Uliuliza kama si vizuri binti yetu, Bi Maswali, aache chuo cha uuguzi arudi kukaa nami, kwa kuwa tangu ndugu yako afariki nyumba imebaki na mtu mmoja. Najua ulisema kwa huruma. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kufungasha vitabu. Sikukujibu upesi kwa sababu mimi pia nilikuwa nayumba. Sasa jibu ninalo, ila niache nikueleze lilivyonijia.

Unalikumbuka rovu langu, ule uvimbe wa shingoni ambao marehemu alikuwa akinitania kwamba nimemeza limau zima. Lilikuwa limekua hadi linanibana pumzi. Nikafanyiwa upasuaji katika hospitali ileile anayojifunzia binti. Kazi ilikwenda salama. Siku ya pili nilikunywa chai na kuzungumza, ingawa sauti ilikwaruza kama ya jogoo anayeanza kuwika.

Siku ya tatu asubuhi midomo ikaanza kunichonyota, kisha ncha za vidole. Nitakuambia jambo la kipuuzi, Shemeji: sikumwambia mtu. Ndugu yako alipokuwa akitengeneza viatu alibana misumari midogo midomoni, na mara mojamoja, mikono yake ikiwa imejaa, alinipa mingine nimshikie kwa midomo yangu. Mchonyoto ule ulikuwa uleule. Nikadhani ni kumkumbuka tu, nikaulea.

Kufika mchana vidole vilikuwa vinakaza. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo mwenye roho nzuri, alinishika bega. "Miezi saba tu tangu ufiwe, dada. Ni majonzi hayo. Lia, yatapungua." Nikamwamini. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili akasema mama yake alishikwa na ganzi hivyohivyo alipofiwa.

Binti akaja saa ya kutazama wagonjwa, bado amevaa sare yake ya uanafunzi. Akaniangalia ninavyohangaika na kikombe.

"Mama, tangu lini hiyo?"

"Tangu asubuhi."

"Mkono mmoja au yote miwili?"

"Yote."

"Na midomo?"

Nikaiziba kwa kikombe.

"Mama!"

"Na midomo."

Akachukua kipimo cha presha, akanifunga mkanda juu ya kiwiko, akaujaza upepo na kuuacha umebana. Muuguzi akamwona.

"We mwanafunzi, wodi yako ni ya watoto. Nani amekutuma huku?"

"Hakuna, sista. Nipe dakika tatu tu."

"Presha gani inapimwa dakika tatu?"

"Sipimi presha, sista. Nautazama mkono."

Basi sote tukautazama. Dakika ya pili haijaisha, mkono wangu ukajikunja wenyewe. Kiganja kikapinda, vidole vikanyooka na kubanana, kidole gumba kikaingia katikati, kama mkono wa mtu anayepenyeza bangili iliyo ndogo. Nilijaribu kuufungua, ukakataa. Muuguzi hakungoja ya tatu. Alimfuata daktari mbio, ndala moja ikabaki mlangoni.

Walinitoa damu, wakanitundikia dripu ya kalsiamu, tone kwa tone, mashine ikiufuatilia moyo wangu. Daktari alisema kalsiamu ilikuwa imeshuka mno katika damu, na ingeendelea kushuka ningepata degedege, au moyo ungepoteza mapigo yake.

Mikono ilipolegea binti akakaa kitandani kwangu akanieleza: mkono ukibanwa na kujikunja vile, ni dalili kwamba kalsiamu imepungua. Kumbe nyuma ya tezi iliyovimba kuwa rovu, ile iliyokatwa, kuna tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kuilinda kalsiamu ya damu. Ikipungua kidogo tu, zinaiagiza mifupa itoe, zinazikataza figo zisiimwage yote kwenye mkojo, na kusaidia utumbo uifyonze zaidi. Zangu zilikuwa zimeguswa wakati wa upasuaji, zikanyamaza.

"Mifupa yako imejaa, mama," akasema. "Ila hapakuwa na wa kuiambia itoe."

Mimi siku zote nilidhani mfupa ni kama jiwe, ukishakua basi. Akasema la, kila siku hubomolewa kidogo hapa na kujengwa pale, mpaka uzeeni.

"Kwa hiyo nina mafundi humu ndani?"

"Unao, mama. Tena hawajui likizo."

Kesho yake yule muuguzi alirudi na wanafunzi watano, akamsimamisha binti mbele yao aeleze. Kisha akasema, "Miaka kumi na tisa ninafunga mkanda huu. Jana nilifundishwa na mtoto." Shemeji, wewe ungemwona! Alitazama viatu vyake, masikio yamemwiva, lakini kidevu hakikushuka. Kile ni kidevu cha ndugu yako. Nilijifunika shuka nikalia, na safari hii si majonzi.

Tezi zimeanza kuamka. Bado nameza vidonge vya kalsiamu na vitamini D, na kila wiki napimwa damu, lakini wiki hii wamevipunguza.

Sasa jibu langu. Kama angekuwa amerudi kukaa nami, angenishika mkono tukalia wote wawili, mpaka nimfie. Nimemwambia avitoe vitabu mfukoni. Akauliza, "Na wewe utakaa na nani?" Nikasema nitakaa na jirani, na redio, na ukaidi wangu. Akacheka, lakini hajavitoa vyote.

Ndiyo maana nakuandikia. Mimi ananiona mgonjwa, hanisikii vizuri. Neno lako kwake ni la baba. Mwandikie wewe, kwa mkono wako, kwamba asirudi.

Atahitimu mwezi wa kumi na moja. Kila mwanafunzi hutengewa viti viwili vya wazazi, na chuoni wameniuliza kama wakiondoe kimoja. Nimewaambia wakiache, kuna mtu anakuja.

Nisalimie mwenzio, na binti yako mkubwa na mumewe, na kitindamimba wenu, yule Kibonge wangu, mwambie mama mdogo hajasahau kwamba alimaliza jamu. Mungu awatunze, awape nguvu ya viungo na wepesi wa safari.

Nami ni shemeji yako akupendaye,
Mama yake Bi Maswali